Bunda Lililofungwa kwa Nailoni

Saa tano na dakika ishirini asubuhi, mzee mmoja wa Maua aliligeuza bunda letu la miraa mikononi mwake, akaitazama kamba, kisha akalirudisha mezani bila kulifungua. Sisi wageni kutoka Runyenjes, upande wa Embu, tulikuwa tumeketi kwenye viti vya plastiki, na hakuna aliyejua tumekosea wapi.

Aliyekuja kuposa alikuwa rafiki yangu, mwanamuziki na mchekeshaji. Alianzia kwenye foleni ya kahawa kiwandani, angali kijana, akipiga gitaa la debe na kumwiga karani wa mizani. Wakulima walicheka huku wakichungulia kama karani anasikia. Kutoka hapo aliingia kwenye harusi na michango ya kanisa, kisha redio, kisha zile video fupi ambazo watu hutumiana kwa simu. Mimi nilimpigia kinanda miaka mingi. Nilijifunza peke yangu, kwa kutengeneza vinanda vya watu na kuvijaribu kabla ya kuvirudisha. Jukwaani nilikuwa na kazi nyingine pia: mzaha ukikaribia kuvuka mpaka, nilibonyeza sauti nzito ya chini, naye akageuza maneno.

Siku hiyo hatukubeba kinanda.

Alikuwa ameishi na mke wake miaka tisa na wana watoto wawili, lakini baba mkwe hakuwa amepokea chochote kutoka kwake. Kwa kila mjumbe alitoa jibu lilelile: mtu anayelipwa kwa kuchekesha hawezi kukaa na jambo zito hadi liishe. Binti yake hakukatazwa kuja nyumbani. Watoto ndio hawakuruhusiwa kuvuka lango. Mwaka huu nyanya yao aliugua, na aliwajua kwa picha tu. Kwa hiyo njiani tulikubaliana kwamba leo hakuna mzaha, hata mmoja.

"Hii mmetoa wapi?" yule mzee aliyeligeuza bunda aliuliza.

Mjomba wa rafiki yangu, aliyekuwa msemaji wetu, alijibu kwa fahari kwamba aliamkia sokoni na kununua ile ya bei ya juu kabisa.

"Imefungwa na nailoni. Hii ilikuwa inaenda Nairobi, nyinyi mkaishusha njiani."

Upande wao wakacheka. Kwetu Embu tunajua muguka, aina ya miraa ambayo ni majani ya kutiwa tu kwenye mfuko. Hakuna anayeangalia kamba. Kwao bunda la posa hufungwa kwa majani mabichi ya mgomba na nyuzi zake. Baba akilifungua, amekubali. Kabla ya hapo hakuna chakula wala wimbo.

Baba mkwe alilisukuma bunda upande wetu. "Tafuteni lingine," alisema. "Tutangoja." Akamtazama rafiki yangu. "Ama una kazi mahali?"

Alikuwa nayo. Jioni hiyo alitarajiwa Nchiru, kwenye ukumbi wa wanafunzi, na tiketi zilikuwa zimeuzwa.

"Niko hapa, baba," alisema.

Nilichukua bodaboda. Pikapu za miraa zilikuwa zimeondoka tangu alfajiri na sokoni palibaki makapi. Mkulima niliyempata mlimani alikuwa na miti mizee inayofaa, lakini alikataa kuharakishwa. "Ni wewe unaoa?" aliuliza. Nilipomwambia hapana, akasema, "Basi haraka ni ya nini?" Alikunywa chai yake, akapanda mti mwenyewe, akachuma, kisha akafunga bunda polepole kwa jani la mgomba huku nikitazama saa.

Niliporudi, rafiki yangu alikuwa kwenye kiti kilekile. Kaka za mke wake walikuwa wamemzunguka.

"Shemeji, hata mmoja wa bure? Ama mpaka tulipe mlangoni?"

"Kwa simu unaiga kila mtu. Mwige mzee basi, tuone."

Nilijua angeweza. Ile namna ya baba mkwe ya kukohoa kabla ya kusema ilikuwa imeshamwingia. Niliiona kooni mwake ikitafuta njia. Vidole vya mkono wake wa kushoto vilikuwa vikibonyeza nyuzi za gitaa juu ya suruali. Nilikohoa sauti nzito ya chini. Vidole vikatulia.

Simu yake ilitetemeka mfukoni. Alinipa bila kuitazama, nikaenda kuipokea nyuma ya migomba.

"Bwana, spika ziko tayari, watu wanaanza kuingia," alisema mwenye ukumbi.

"Ngoja kidogo."

"Ningoje nini?"

Nilikata simu, nikarudi kuweka bunda jipya mezani. Wazee walikagua jani, wakakagua uzi, kisha wakaliweka bunda chini na kuanza kuzungumzia mbuzi. Waliwazungumzia mmoja mmoja. Ule muda ambao tungeweza kuondoka na kufika Nchiru ulipita sote tukiujua, na rafiki yangu hakuinuka.

Hapo ndipo baba mkwe alipovuta bunda, akalegeza fundo, akafungua jani. Alichagua kijiti kimoja akampa.

"Watu wa Embu," alisema, "siku ya kuleta ng'ombe, tafadhali msimfunge na nailoni."

Kila mtu alicheka isipokuwa rafiki yangu. Baba mkwe akakohoa.

"Muthoni," alisema, yaani mkwe kwa Kimeru, na ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo, "cheka. Mzaha huu ni wangu."

Akacheka vibaya, kama mtu aliyesahau inavyofanywa. Mke wake alikuwa amekwisha kwenda langoni, ambako watoto walikuwa wamengoja ndani ya gari tangu asubuhi. Nyanya yao aliomba ainuliwe kitandani ili awaone wakiwa wamesimama.

Mwenye ukumbi alidai malipo ya kwanza yarudishwe, pamoja na gharama ya mabango na ya spika. Rafiki yangu alimtumia zote kesho yake, bila kubishana: shilingi elfu arobaini na saba.