Ngozi ya kubebea mtoto ndiyo iliyonipa umeneja wa matengenezo

Wakuu, salaam. Wazee wenzangu shikamooni, vijana mambo.

Haya ninayosimulia sijayatia chumvi, na mjinga humu ndani ni mimi mwenyewe.

Mwishoni mwa miaka ya sabini nilikuwa fundi msaidizi kwenye jineri, kiwanda cha kuchambua pamba, Shinyanga. Nikasikia kuna nyumba za mapumziko ufukweni mwa ziwa, upande wa Geita, wanatafuta meneja wa matengenezo.

Nikaomba. Kwenye interview kila swali nikajibu "najua". Pampu? Najua. Jenereta? Najua. Kijana wa Nyahanga, Kahama, ningesemaje sijui wakati kazi ina nyumba ya bure?

Wakanipa miezi mitatu ya majaribio.

Wiki ya mwisho, siku ya Alhamisi, pampu ya kuvuta maji ziwani ikagoma. Nikaifungua, nikakuta kile kikombe kidogo cha ngozi kinachokaa kwenye pistoni kimechanika. Spea hakuna. Miaka ile hata sabuni tulikuwa tunaipangia foleni.

Bosi akaja, akachungulia.

"Wageni wanaingia Jumamosi. Maji yasipotoka, Jumatatu urudi jinerini kwako."

Na mke wangu alikuwa ameshahamia, yeye na mtoto na kuku wake sita! Ningewaambia nini?

Nikavua mkanda wangu, ule mpana wa kuvalia suruali za pekosi (waliokuwepo wanaujua), nikaukata nikatengeneza kikombe. Maji yakapanda kidogo. Nikaanza kupiga mluzi.

Kabla ya saa sita mchana ngozi ikapasuka. Nikabaki nimeshikilia suruali kwa mkono mmoja na spana kwa mwingine.

Mpishi wetu, Mama Kabula, mjane wa Kisukuma, alikuwa amesimama pale na ndoo anasubiri maji. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Baba, ngozi yako hiyo haijawahi kuonja siagi. Itapindaje?"

Akaenda chumbani kwake, akarudi na ngozi ya ndama aliyobebea watoto wake mgongoni. Laini kabisa, kwa kupakwa siagi miaka na miaka. Akanipa na kisu cha jikoni.

Nikasita.

"Kata," akasema. "Wanangu wamekua."

Nikakata pembeni, nikatengeneza kikombe kingine, nikaifunga pampu, na maji yakapanda. Jumamosi wageni wakaoga mpaka wengine wakaimba bafuni.

Bosi akanisifu mbele ya wafanyakazi wote, akanithibitisha kazini. Mama Kabula alikuwepo, anapiga makofi. Na mimi, wakuu, nikanyamaza. Niliona aibu kusema umeneja wangu umetoka jikoni. Yeye naye hakumwambia mtu.

Ilinikaa rohoni kama miaka miwili, hadi spea halisi ilipofika. Nikafungua pampu: kile kipande bado kizima!

Nikamwita bosi, tukaenda jikoni, nikaeleza yote mbele yao wawili. Nikampa Mama Kabula kipande chake na kumwomba msamaha.

Akakigeuza geuza mkononi.

"Ngozi hii imebeba wanne," akasema. "Wewe ni wa tano."

Nililia, na si kwa moshi wa kuni.

Nilifanya kazi ile hadi watoto wangu wakamaliza shule. Mama Kabula alishatangulia, na kila nikifungua bomba namshukuru.

Nilichojifunza: kusema "sijui" si tusi, na anayekusaidia mtaje angali anasikia.

Haya, na wewe ni nani aliyekubeba kwenye kazi yako ya kwanza? Mtaje hapa chini, tumjue.