Ubao wa Matundu

Mwaka tuliohamia kijijini, mwanangu wa pekee alifariki kwa surua. Alikuwa na miaka mitano. Tulimzika mvua ikinyesha, nyumba yetu mpya ikiwa bado haijaezekwa upande mmoja. Sikulia sana, na watu wakasema nina subira. Haikuwa subira. Nilikuwa nimekufa ganzi. Nilipika, nilifua, niliitikia salamu, na hakuna kilichonigusa.

Baada ya arobaini, wanawake wenzangu waliacha kuniita mama fulani. Jina la mtoto liliwashinda kulitamka mbele yangu, na jina jingine la kuniitia hawakuwa nalo. Kisimani waliniita "dada" tu, kisha wakaangalia ndoo zao.

Asubuhi moja katibu wa kijiji alinikuta ninachambua mboga.

"Ndugu," akasema, "kina mama wanakwenda shamba la kijiji na watoto wadogo wanawarudisha nyuma. Wewe umesoma mpaka darasa la saba. Tunataka ukae nao pale bandani."

"Niwafanyie nini?"

"Wasitumbukie kisimani, basi. Mengine utaona mwenyewe."

Nilikubali, kwa sababu kukataa kungehitaji maneno mengi zaidi.

Banda lenyewe lilikuwa la kukaushia tumbaku. Ndani hamkuwa na chochote isipokuwa fito na harufu. Watoto ishirini na wawili waliketi chini wakinitazama, nami nikawatazama. Wengi wao walikuwa na umri wa mwanangu. Siku tatu za kwanza niliwaangalia tu. Siku ya nne nilichukua magunzi yaliyotupwa nje, nikayakata vipande, nikawaambia wayapange: mafupi huku, marefu kule. Sikuwa na mpango wowote. Mikono yangu ilitaka kazi, na kichwa changu hakikutaka.

Kidogo kidogo vitu vikaongezeka. Kwa udongo wa kichuguu walifinyanga vikombe vya kuchezea, na kila kikombe kilipewa kokwa zake za ukwaju: hiki mbili, hiki tatu. Vizibo vya soda nilivitoboa kwa msumari, wakavitunga kwenye kamba ya gome la mti. Waliokuja wanahesabu kwa Kinyamwezi walihesabu hivyo kwanza, kisha tukarudia kwa Kiswahili. Ndipo wakaanza kuniita mwalimu, na mama zao wakalichukua jina hilo kwao. Nadhani liliwapunguzia mzigo.

Kulikuwa na msichana mmoja aliyekuwa ameanguka motoni akiwa anatambaa. Vidole vya mkono wake wa kulia vilikuwa vimejikunja kuelekea kiganjani. Kila kitu alikifanya kwa mkono wa kushoto, ule mwingine akiuficha ndani ya kanga ya mama yake, aliyokuwa akifungwa shingoni. Mama yake aliniambia mapema.

"Huo wa kulia umeshakufa, mwalimu. Usihangaike nao."

Sikuhangaika. Ila nilipogawa magunzi, nilimpa kwenye mkono ule ule, kama nilivyowapa wenzake. La kwanza lilianguka. La pili pia. Mtoto mwingine angelia, au mwalimu mwingine angemhurumia akaacha. Mimi sikuwa na huruma ya kumpa. Niliokota gunzi, nikamwekea tena. Tulifanya hivyo kila siku mpaka mahindi ya mwaka uliofuata yakavunwa.

Likizo moja nilikwenda mjini, mtaa wa Ng'ambo, kwa baba yangu. Alikuwa seremala. Tangu msiba tulikuwa hatujakaa pamoja. Nilimwamkia, akaitika, akaendelea kupiga randa. Nikamwambia nataka ubao wa matundu na vijiti vya kuchomeka, kwa ajili ya watoto.

"Matundu ya ukubwa gani?"

"Ya kuanzia kuingia gunzi, yaje yapungue mpaka punje ya hindi."

"Mangapi?"

"Kumi kila mstari."

Hakuuliza kingine. Alichagua kipande cha mninga, akakipima kwa penseli, akaanza kutoboa kwa keekee. Nilikaa juu ya maranda nikimwangalia mpaka adhuhuri. Alipomaliza alisugua kila tundu kwa msasa, ndani, akizungusha kidole chake kidogo, kisha akaniita.

"Pitisha mkono. Kama kuna kibanzi, kitamchoma mtoto."

Nikapitisha mkono. Hapakuwa na kibanzi. Alinifungia ubao ndani ya gunia, akanisindikiza mpaka kituo cha basi, na njiani alizungumzia bei ya misumari.

Ubao ule waliugombania. Kila mmoja alitaka kujaza mstari wake, kuchomoa vijiti, kusema vimebaki vingapi. Yule msichana alianza na matundu makubwa. Miezi ikapita kabla hajashika kijiti chembamba, tena kwa kukibana kati ya dole gumba na ubavu wa kidole cha pili. Siku alipochomeka punje ya hindi kwenye tundu la mwisho, wenzake walipiga makofi. Mama yake aliitwa kutoka shambani, akapiga magoti kwenye vumbi, akaushika ule mkono akaugeuzageuza. Mimi nilisema, "Vizuri. Sasa toa tatu." Akatoa tatu. "Zimebaki ngapi?" Akasema saba.

Nilijua kwamba nilipaswa kufurahi. Nilitafuta furaha ndani yangu, sikuikuta, nikaenda kuchota maji ya kuwanawisha watoto.

Siku ya kuandikisha darasa la kwanza niliwapeleka wale waliofikia umri. Walisimama kwenye mstari, kila mmoja akipitisha mkono wa kulia juu ya kichwa kugusa sikio la kushoto, maana ndicho kilikuwa kipimo cha umri. Yule msichana alifika zamu yake, akautoa mkono ndani ya kanga mbele ya watu wote, akaupitisha, akaligusa sikio. Mwalimu mkuu aliutazama mkono kidogo, akamuuliza maswali mawili ya kujumlisha, akaliandika jina lake.

Jioni mume wangu alikuwa amerudi kutoka shambani. Nilitenga ugali na mlenda, nikamweleza walioandikwa.

"Umefurahi?" akaniuliza.

"Sijui."

Akamega tonge, akalishika bila kulila. "Naye angekuwa kwenye mstari ule."

"Angekuwa."

Ilikuwa mara yetu ya kwanza kumtaja tangu tumzike. Nilingoja kuona kama nitalia. Sikulia. Lakini nilimwambia kwamba mkono wa mwanetu ungefika sikioni bila shida, alikuwa na mikono mirefu, na yeye akasema ndiyo, aliirithi kwangu. Tukaendelea kula. Alipomaliza, alinitajia vitu vingine vya mtoto alivyokuwa akivikumbuka, vingi kuliko nilivyodhani, na mimi nikamsikiliza mpaka mlenda uliobaki ukapoa.