Ulimi wa Kiatu Ndani ya Stovu

Jirani yangu kule mjini Naro Moru alikuwa mzee aliyewabebea watalii mizigo na kuwapikia mlimani mpaka magoti yakamkataa. Siku moja aliniletea stovu ya shaba, ile ya kupampu, ameifunga kwenye blanketi kama mtoto mchanga.

"Mwalimu, wewe unafundisha sayansi. Hii imeharibika kifua. Itibu."

Nilikuwa nafundisha Kiswahili. Sikumsahihisha.

Niliifungua mezani. Pampu ilisukumika bila kusukuma hewa, kwa sababu ile ngozi ya ndani, yenye umbo la kikofia, ilikuwa imekauka na kupasuka. Muuza vipuri wa Nyeri aliniuliza ni ya pikipiki gani. Nikarudi nyumbani, nikakata ulimi wa kiatu changu cha kanisani, nikauloweka kwenye mafuta mpaka ukalainika, kisha nikaubana mahali pake. Raba ya kifuniko nikaichonga kutoka kwenye slipa ya bafuni. Halafu tukaizamisha stovu ndani ya ndoo ya maji, nikapampu, mzee akainama kutafuta mapovu.

"Haivuji," alisema kwa sauti ya mtu aliye hospitalini.

Jumamosi mchana tukaiwasha uani. Ikanguruma kama lori linalopanda mlima. Mama mwenye ploti tuliyopanga akatoka mbio, sabuni ikiwa bado kichwani.

"Tokeni nyumba zote! Ni gesi!"

"Si gesi, mama. Ni mafuta ya taa."

"Ati mafuta? Hiyo ndio mbaya zaidi!"

Wapangaji wakamiminika uani, mmoja amekumbatia televisheni, mwingine kuku. Polisi wa chumba cha mwisho akaja amevaa kaptura na kofia ya kazi. Akasimama mbele ya stovu, akaiamuru:

"Zima!"

"Afande," mzee akasema, "hiyo ilizoea wazungu."

Afande akarudia amri kwa Kiingereza.

Stovu haikutii. Mzee alikuwa amefumba macho, anatabasamu, nami nikaona fahari ambayo darasani sijawahi kuipata. Chai tuliyokuwa tumeibandika juu yake ikachemka kabla watu hawajaamua kama wanakimbia au wanakaa. Mama mwenye ploti akaonja, akakunja uso.

"Mzee, hii chai iko na mafuta."

"Huko juu ilikuwa hivi hivi. Na walikuwa wanasema asante."

Tukanywa wote. Afande akaomba sukari.