Senti ya Tundu Yenye Kivuli

Juzi nilishuka Makambako kusubiri basi la Njombe, nikamkuta kijana kando ya soko ananunua sarafu za zamani. Alikuwa ameinamia senti ya tundu, zile za Mwingereza, kioo cha kukuzia amekibana jichoni. Nikaibana pochi yangu kwapani kama mtoto, mimi mama mzima. Ngoja nikueleze kwa nini.

Kwetu Kichiwa, bibi yangu ndiye aliyewafunga watoto wachanga senti kiunoni, wakue salama. Mama aliyejifungua alikuja na kikapu cha viazi, bibi akachagua senti kwenye kopo lake, akaisugua kwa majivu mpaka ing'ae, akaipitisha uzi mweusi. Nje ukungu, ndani moshi wa kuni za miwati na vicheko vya wanawake. Nilidhani kila kijiji duniani kina bibi kama wangu.

Kisha jirani yetu, mama mwenye kibanda cha chumvi na sabuni, akaanza kulia kuwa hela zake zinapungua. Siku moja akachukua senti kwenye lile kopo, akaigeuza juani, akapiga yowe. Kila herufi ilikuwa na mwenzake pembeni, kama kivuli.

"Hii ni chuma ulete!" alisema. "Ina pacha. Moja inakaa hapa, nyingine inakuja kunizolea hela zangu!"

Jua lilipozama kijiji kizima kilikuwa na habari. Unajua mwenyewe bibi kizee akishaitwa mchawi mambo huishia wapi. Nikitumwa maji nilikimbia kwenda na kurudi, ndoo ikimwagika, nikiogopa kukuta nyumba yetu inawaka. Bibi yeye aliendelea kumenya viazi.

Mwenyekiti wa kitongoji akasema shauri litaamuliwa Jumapili baada ya ibada. Kabla ya siku hiyo bibi alinishika mkono, tukaenda na ile senti Makambako kwa mnunuzi wa sarafu, mzee mwenye majivuno kama jogoo. Alipoziona zile herufi macho yalimwaka. Akatueleza kwamba kuna chuma cha kugongea sarafu ambacho herufi zake zilichongwa mara mbili tangu mwanzo. Sarafu zake hutoka na herufi mbili zote nene, zimesimama, na pembe zimegawanyika kama ukwato wa mbuzi. Hiyo ni mali, angetulipa hela ya kuezekea nyumba bati. Lakini chuma kikigonga mno huchakaa, kingo zikalika, na sarafu zikatoka na kivuli bapa, kilichotanuka tu. Hiyo si kitu.

Akainama na kioo chake. Bibi hakuwa na bati hata moja, lakini mimi niliomba Mungu tusiwe matajiri. Ikiwa pacha ni wa kweli, nani angetusikiliza Jumapili?

"Imechoka tu, mama," alisema, akaisukuma kwetu. "Chuma kilizeeka. Ziko tele."

Nikaangua kilio. Akadhani nalilia hela, akanipa andazi.

Jumapili bibi alisimama mbele ya wazee. Alimwomba mwenyekiti atoe senti ya tundu aliyorithi kwa baba yake, aliyofungia funguo zake. Wazee wakaipokezana juani. Ilikuwa na kivuli kilekile, bapa vilevile.

"Kamwene, mchawi mwenzangu," bibi akamsalimu.

Watu wakacheka mpaka wengine wakakaa chini. Mwenyekiti akazirudisha funguo mfukoni upesi, akafunga shauri. Hela za jirani ziliendelea kupungua, na mumewe aliendelea kurudi akinukia pombe ya ulanzi.

Basi nikadhani hofu imekwisha. Lakini mtoto aliyefuata kuzaliwa hakuletwa, wala aliyemfuata huyo. Wanawake walimsalimu bibi kwa heshima zote, wakapita na vichanga vyao mgongoni, wamewafunika vizuri. Bibi aliweka majivu safi na uzi mweusi kando ya jiko mpaka alipofariki. Leo pale Kichiwa hakuna mtoto anayevaa senti, na vijana wanadhani nawatania nikiwasimulia.

"Una sarafu ya kuuza, mama?" kijana wa Makambako aliniuliza.

Nikamwambia sina. Ile ya bibi imo kwenye pochi yangu na uzi wake, nami nilizaa watoto wangu wote, sikuthubutu kumfunga hata mmoja.