Mstari Mmoja Hadi Mtoni

Hapana, usiniambie ati ndugu yangu aliogopa. Wewe uliisikia hapa soko ya Migori, kwa watu wa kupima omena. Mimi nilikuwa huko, nyuma yake, hatua tatu.

Tulikuwa tumezika baba nyumbani, upande wa Asumbi. Ilibaki buru: wanaume wanachukua mikuki na ng'ombe, wanakimbia mpaka mtoni na kelele, wanafukuza kifo itoke kwa boma. Kifungua mimba ndiye hutangulia. Asipotangulia, baba amezikwa nusu. Na kifungua mimba ni huyo ndugu yangu, mwanajeshi, ametoka Yugoslavia wiki hiyo.

Aliingia jeshi wakamfunza kukimbiza majambazi kaskazini, na kelele, kama sisi tu. Halafu jeshi ikabadilika. Wakampa kofia ya bluu ya UN, wakamfunza upya kutafuta bomu za kuzikwa: usikimbie, usipige, lala chini udunge udongo polepole. "Adui ya siku hizi hana uso," aliniambia. "Anangoja tu mguu."

Basi pembe ikalia, tukatoka mbio, saa nne asubuhi, jua kali. Kufika kwa nyasi ndefu akasimama ghafla, akainua ngumi. Akapiga magoti. Akaanza kudunga ardhi na mkuki ya baba, ameiinamisha, kidogo kidogo.

"Wuoda, mwanangu," baba mdogo akamwambia, "hapo tulitoa viazi mwaka jana. Kwani mama yako alipanda nini ingine?"

Watu wakacheka. Yeye hakugeuka. "Baba, kanyaga pale nimekanyaga."

Hicho kicheko, nilitaka kuvunjia mtu meno. Lakini kikaisha chenyewe, kwa sababu ile ndume kubwa ya ng'ombe za baba, imekuja mbio ikirusha udongo, ilifika nyuma yake ikasimama. Ikakataa kumpita. Hakuna mtu aliishika.

Nikaweka mguu kwa alama yake. Baba mdogo akaweka kwa yangu. Wanaume wote wakafuata, na ng'ombe, mstari mmoja, mpaka mtoni na kurudi. Buru bila sauti. Nilisikia tu mkuki ikiingia kwa udongo, ikitoka.

Hiyo shamba hatujalima tena. Njia bado iko, upana ya mguu moja, na hata watoto wakifukuza kuku hawatoki nje yake.

Wewe unayemwita mwoga, kesho nikikupeleka, utatoka kwa huo mstari?