Fyuzi na Hofu ya Kuchekwa

Mtunza maabara wa shule yetu alipata jina la Fyuzi akiwa na miaka kumi na sita, siku alipounganisha nyaya mbili zisizopatana na kuizimia shule nzima umeme. Nilikuwa dawati la nyuma yake. Hesabu alipata kumi na moja kwa mia, na Bi Rula, mwalimu wetu, aliusoma mtihani huo mbele ya darasa, swali kwa swali, kama anasoma taarifa ya msiba. Tulicheka hadi machozi. Fyuzi naye alicheka. Wakati ule sikujua kwamba mtu anaweza kucheka kwa sababu tu hana pa kwenda.

Sasa mimi nafundisha Kiswahili shule ileile. Fyuzi anaosha chupa za maabara, anatengeneza madawati, kengele, choo cha walimu na, tangu mwaka jana, mbao za kidijitali. Zilifungwa katika kila darasa, pana kama kitanda cha bwana harusi. Fundi wa kampuni alikuja asubuhi moja, akatuonyesha vitufe arobaini kwa mkupuo, akaondoka kabla ya chai. Tukabaki tunazitazama kama mkwe aliyekuja bila taarifa: kumfukuza huwezi, na hujui umkalishe wapi.

Bi Rula alikuwa wa kwanza kuutumia wake. Alichukua kalamu ya wino mzito akachora pembetatu moja kwa moja kwenye kioo. Fyuzi alisugua kwa spiriti siku mbili.

"Mama, huu unaguswa kwa kidole tu."

"Ubao ni ubao. Kama hautaki kuandikwa, ungejiita dirisha."

Ndipo Mkuu wa shule alipotutangazia kwamba baada ya wiki tano mkaguzi atakuja kuwatazama walimu wa darasa la mtihani wakifundisha kwa mbao hizo. Atakayeshindwa atamwachia mwalimu kijana darasa, yeye apelekwe maktaba. Bi Rula alibakiza mwaka mmoja astaafu. Kwa miaka thelathini na nne alikuwa akiwavusha watoto wa mtihani, na sasa angemalizia kazi kwa kuhesabu vitabu vilivyoliwa na mchwa. Jioni nilimkuta peke yake darasani, ubao umezimwa, anajitazama humo.

"Mzoea punda hapandi farasi," alisema Makamu wa Mkuu kesho yake kwenye chumba cha walimu, akikoroga chai.

"Inategemea nani anamcheka akianguka," Fyuzi akamjibu.

Hilo alijifunza nyumbani. Mkewe humwita Injinia mbele ya majirani, na Baba Mapacha wakiwa wenyewe. Mapacha wana miaka tisa. Alipowafundisha baiskeli, aliniambia, hakuna aliyeogopa kuanguka; kila mmoja aliogopa mwenzake aone. Akawatazama walimu wakiwa mbele ya zile mbao, akaona mapacha watu wazima ishirini na wawili. Nimefundisha miaka kumi na tisa, na nadhani sehemu kubwa ya kazi hii ni kuwaficha watoto hofu yetu. Hakuna aliyewahi kuniambia hivyo chuoni.

Basi Fyuzi hakuanza na vitufe. Kila Jumamosi asubuhi alimweka mwalimu mmoja mmoja mbele ya ubao, sisi wengine akatukalisha madawatini na kutuamuru tuwe watoto wabaya.

"Si wabaya kidogo," alisema. "Wabaya kama mlivyokuwa."

Makamu alitafuna chingamu kwa sauti ya mbuzi. Mwalimu wa jiografia alilala, na hakuwa anaigiza. Mimi nilipitisha vikaratasi vya umbea. Fyuzi alikaa nyuma kabisa, miguu juu ya dawati.

Zamu ya Bi Rula ilipofika, aligusa kioo na ukatokea moyo wa chura ulioachwa na mwalimu wa baiolojia.

"Mwalimu," Fyuzi akasema, "hesabu gani hiyo ina mishipa?"

Tukaangua kicheko. Bi Rula akageuka taratibu. "Nani kasema?"

"Mimi."

"Simama."

Akasimama. "Nimesimama, mwalimu. Lakini chura bado yupo."

Bi Rula alichukua mkoba wake akatoka. Fyuzi akamfuata kwenye baraza, nasi tukanyamaza ili tusikie vizuri.

"Unalipiza kisasi, si ndiyo?"

"Kidogo," alisema Fyuzi. "Kidogo tu, mama. Lakini nikikucheka mimi mara kumi, wao wakikucheka mara moja utaona ni habari ya zamani."

Kisha Bi Rula, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake: "Na ubao ukiganda mbele ya mkaguzi?"

"Utaganda tu, ndivyo ulivyo. Waambie umeganda, halafu wape kazi. Mtoto mwenye kazi hana nafasi ya kucheka."

Bi Rula akarudi ndani. Jumamosi ya nne alikuwa anafungua somo lake mwenyewe, anachora grafu kwa kidole, na Fyuzi alipopayuka alimjibu bila kugeuka: "Endelea kusema. Mdomo wako ndio kitu pekee humu kisichohitaji chaji."

Siku ya ukaguzi nilipangiwa kukaa nyuma na kuandika kumbukumbu. Mkaguzi, kijana mwenye tai iliyonyooka kuliko mgongo wake, alikaa kando yangu na daftari. Mifano miwili ilikwenda salama. Wa tatu ubao ukaganda, mstari wa grafu ukining'inia katikati. Mtoto wa mbele akacheka puani, kisha safu nzima. Niliona mabega ya Bi Rula yakishuka, nami nikaacha kuandika.

Akawageukia. "Umeganda. Kwa nini, sijui. Nyie tafuteni jibu la swali hili, mimi natafuta dawa ya ubao. Tuone nani atatangulia."

Vichwa vikainama. Akauzima, akahesabu polepole mpaka kumi, akauwasha. Wakati ubao unajikongoja, akapita kati ya madawati na kalamu yake, akisahihisha. Alipofika nyuma, kwa mazoea, aliliinamia daftari la mkaguzi. Maskini, naye alikuwa anakokotoa. Bi Rula akamwekea kosa.

"Umesahau alama ya kutoa," alimwambia. "Rudia."

Mkaguzi akarudia.

Jumatatu ratiba mpya ilibandikwa kwenye chumba cha walimu. Bi Rula alivaa miwani, akafuata mstari wa darasa la mtihani kwa kidole hadi mwisho, kisha akaufuata tena. Jina lake lilikuwepo: vipindi sita, kimoja Ijumaa mchana, saa ambayo hakuna mtoto anayesikiliza chochote. Fyuzi alikuwa juu ya kiti, anabadilisha balbu.

"Wamekupa Ijumaa mchana," alisema. "Hao hawakupendi."

"Wangenipa Jumapili ningekuja."

Akavua miwani, akaenda darasani. Alikuwa amechelewa dakika mbili, na katika miaka yote sikuwahi kumwona akichelewa.