Siku Kamera Ziliponasa Mwendo wa Kwandu

Zamani, kabla kampuni binafsi hazijaanza kununua pamba, ukiuliza pale Nkololo nani anajua kurusha jembe, ulitajiwa Kwandu binti Machibya. Alikuwa mwanamke mrefu mwenye mabega mapana, na bugobogobo, ile ngoma ya majembe, aliicheza tangu hajaolewa. Wachezaji wengine walilirusha jembe juu wakalikodolea macho mpaka lishuke. Kwandu alilirusha, akaligeuzia mgongo, akapiga hatua kwa madaha kama mtu aliyelisahau, kisha akanyoosha mkono ubavuni na jembe likatua kiganjani. Hapo vigelegele havikuzuilika. Paschal, aliyekuwa mpiga ngoma wa kundi, alimwoa kwa sababu ya mgongo ule. Anasema mwenyewe, wala haoni haya.

Baadaye ushirika ulilegea, soko la pamba likafunguliwa, na kila msimu malori ya wanunuzi yakawa yanapishana kwenye barabara ya Maswa. Kundi nalo likatawanyika. Waliobaki waliongozwa na Salu, ningi, yaani mwimbaji kiongozi wa ngoma, mwenye sauti ya kusikika ng'ambo ya mto, ambaye kampuni zilimkodi kuimba kwenye magari ya matangazo. Vijana wa kiume wakawekwa mbele, wanawake wakawekwa nyuma wawe wa kuitikia. Kwandu hakuzaliwa kuitikia. Aliacha ngoma, akalima pamba na mahindi yake, akalea watoto.

Mwaka 2004, Bariadi ikiwa bado chini ya mkoa wa Shinyanga, kampuni moja ya pamba ilitaka tangazo la televisheni lenye katuni ya mkulima anayecheza ngoma. Hawakutaka katuni ya kurukaruka tu. Walitaka icheze kama Msukuma anavyocheza. Basi wakaja watu wawili kutoka Dar es Salaam: Nancy, aliyesomea kazi hiyo nje ya nchi, na Hamimu, fundi wa mitambo. Walikodi ghala la zamani la ushirika, wakafunga kamera kuzunguka kuta zote, wakaunganisha jenereta na kompyuta.

Kazi yenyewe Nancy aliieleza kwa maneno mepesi. Mchezaji anafungwa vijipira vinavyong'aa kwenye viungo vyake: mabega, viwiko, magoti, vifundo vya miguu. Kamera hazishughuliki na sura wala nguo; zinaona vijipira tu, na kompyuta inajua kila kimoja kilikuwa wapi wakati wowote. Ukishapata mwendo wa vijipira, unaweza kuuvisha mwili wowote unaotaka.

Kwanza waliita kundi la Salu. Salu alicheza, na alicheza vizuri. Lakini mrushaji wake wa jembe alikuwa amekwenda kutafuta dhahabu Geita, na bila jembe hewani tangazo lisingekuwa tangazo. Vijana wengine walijaribu, jembe likaanguka kila mara.

Salu alijifuta jasho. "Msihangaike," akamwambia Nancy. "Mtu yupo mmoja. Ng'wana Machibya, yuko Nkololo. Mimi naimba, lakini kwa jembe sijaona wa kumfikia."

Nancy alimkuta Kwandu akichambua mchele uani.

"Mwadila, mayu," alisalimia kwa Kisukuma, kama Salu alivyomfundisha njiani.

"Mwadila," Kwandu alijibu, akaitabasamia lafudhi ile ya mgeni. Alisikiliza habari yote mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Mnataka kurusha kwa kutazama, au kwa kugeuka?"

"Kuna kugeuka?"

Kwandu akacheka.

Paschal ndiye aliyekuwa na neno. Alikuwa amesikia kwamba nguo ya kazi hiyo inabana mwili mzima. "Mama Veronica," alisema wageni walipoondoka, "mtu wa kanisani, mwenye mkwe, uvae suruali ya kubana mbele ya watu?"

"Njoo na ngoma yako basi," Kwandu alimjibu. "Wewe uwe mbele, watu wawe nyuma yako."

Paschal alikohoa, akainuka kwenda kuitafuta ngoma ilikokuwa imehifadhiwa, darini, akaanza kukaza ngozi yake.

Zamda, fundi cherehani wa mjini, alishona suruali na shati jeusi la kumtosha Kwandu sawasawa, na Kwandu akajifunga kanga juu yake mpaka dakika ya kucheza. Ghalani hakuruhusiwa mtu asiye na kazi. Bado kulikuwa na tabu: mwanga wa jua ulipenya kwenye matundu ya misumari ya bati, na kompyuta ikadhani kila tundu ni kijipira. Kila walipoanza, mkulima wao alionekana ana magoti kwenye paa. Hamimu aliokota pamba chafu iliyobaki pembeni mwa ghala, akapanda ngazi, akaziba tundu moja baada ya jingine mpaka ndani kukawa giza la kufaa. Jembe nalo likapakwa masizi lising'ae, likabandikwa vijipira kwenye bapa na kwenye mpini.

Mara ya kwanza Kwandu alilirusha, likamponyoka. Mara ya pili vilevile. Mwili ulikuwa mzito, vile vijipira vilimkera, na ukimya wa ghala ulimtisha. Maisha yake yote hakuwahi kucheza mahali pasipo na watu. Akasimama katikati, jembe miguuni, akamtazama mumewe.

"Baba Veronica, mbona unaipapasa?" alisema. "Ipige kama ulivyokuwa unaipiga."

Paschal akavua shati. Akaipiga. Ghala zima likaitikia, kuta zikanguruma, na Kwandu akainama, mabega yakaanza kutetemeka kwa ile namna yake. Jembe likapaa mpaka karibu na kenchi za paa, yeye akageuka, akatembea, kidevu juu, mkono ukaenda ubavuni, likatua. Akalirusha tena. Hamimu, aliyetakiwa kutazama mitambo, alijikuta anapiga makofi.

Walipomaliza, Nancy alimwita kwenye kompyuta. Kwenye kioo cheusi vilionekana vidoti vyeupe vikihangaika.

"Hawa kumbikumbi ndio mimi?" Kwandu aliuliza.

Hamimu akaunganisha vidoti kwa mistari, na papo hapo akatokea mtu. Hakuwa na uso wala ngozi, lakini alikuwa Kwandu: namna alivyoinama, alivyoliacha jembe hewani, alivyotembea. Kwandu alishika mdomo. Maelfu ya watu walikuwa wamemwona akicheza, yeye hakuwahi kujiona. Aliomba warudie, na wakarudia, huku machozi yakimtoka naye hayafuti.

"Na uso wangu mtauweka lini?"

Nancy alimgeukia. "Mama, sitakudanganya. Kampuni wameshachora mkulima wao. Ni mwanamume. Mzee wa kofia na masharubu."

Paschal aliweka ngoma chini. "Masharubu?" alisema kwa hasira. "Mke wangu acheze, mzee wa kuchora asifiwe?"

Ilimwuma Kwandu pia. Alisimama akitazama kile kivuli cha mistari kikiendelea kucheza, kikirusha, kikigeuka. Angeweza kuvua vijipira akaondoka, na hakuna ambaye angemlaumu. Alipozungumza, sauti ilikuwa imetulia.

"Mvalisheni mnachotaka. Lakini mgongo msiuguse. Jembe likiwa juu, huyo mzee wenu aligeuzie mgongo."

"Wanataka atazame kamera acheke," Nancy alikiri.

"Basi wewe ukawaambie."

"Nitawaambia," Nancy alisema. "Nitapigana nao, mama."

Msimu wa pamba uliofuata, siku ya soko, Kwandu na Paschal walikwenda mjini Bariadi kununua chumvi na mafuta kwenye duka la Maftaha. Maftaha alikuwa na televisheni juu ya kabati la soda, na watu wa kila kijiji walijazana pale kwa kisingizio cha kupumzika. Mara tangazo likaanza. Mzee mmoja mnene, kofia kichwani na masharubu mpaka mashavuni, alitokea shambani akitetemesha mabega. Akarusha jembe. Akaligeuzia mgongo.

Benedikta, aliyecheza na Kwandu tangu usichana wao, alikuwa ameketi kwenye gunia lake la mchele. Aliruka kama aliyeng'atwa na siafu.

"Kwandu!" alipiga kelele. "Jamani, huyo mzee ni Kwandu!"

Watu wakacheka. Lakini wazee wachache hawakucheka. Walikuwa wamesogea karibu na kioo. "Ni yeye," alisema mmoja. "Mtu mwingine anayetembea hivyo hayupo." Ndipo Benedikta alipomwona mwenyewe mlangoni, chupa ya mafuta mkononi, anatabasamu kama bibi harusi.

"Ni wewe?"

"Ni mimi," Kwandu alisema. "Masharubu tu ndiyo ya kuazima."

Kelele zilizozuka zilileta watu kutoka upande wa pili wa barabara. Wakataka kuona. Kwandu alimpa Paschal chupa, akachomoa jembe jipya kwenye rundo lililokuwa nje ya duka.

"Mama, hilo sijaliuza bado!" Maftaha alilalama, lakini alikuwa wa kwanza kusogeza makreti ya soda kupata uwanja. Paschal akageuza ndoo, akaipiga. Jembe likaenda juu ya bati la duka, likameta juani, na Kwandu akaligeuzia mgongo mbele ya soko zima. Lilipotua mkononi, Maftaha mwenyewe alisahau kwamba ni mali yake.

Hilo jembe alimpa. Kwandu hakulipeleka shambani. Alianza kukusanya wanawake jioni baada ya palizi, Benedikta akiwa wa kwanza, kisha binti yake Veronica, kisha wengine waliochoka kuitikia. Mwanzoni waliangusha sana, wakachekwa. Kwandu aliwasahihisha kwa ukali wa mtu anayeijua kazi yake. Nancy aliposikia, alipiga simu dukani kwa Maftaha kumpongeza, akamweleza namna alivyobishana na watu wa kampuni mpaka wakaukubali ule mgongo. "Wabeja, mwanangu," Kwandu alimshukuru.

Msimu wa pili ulipofunguliwa pale Bariadi, wageni wakiwa wamekaa chini ya turubai, Salu alisimama kuimba na kundi lake. Kabla hajaanza aliwageukia wanawake wa Nkololo waliokuwa wamejipanga nyuma, majembe mabegani.

"Ng'wana Machibya," aliita kwa ile sauti yake, "leo mimi nakuitikia wewe."

Kwandu akapita mbele na watu wake, na Paschal akaanza kupiga.